Tamthilia Isikike Kabla ya Kuchapwa

Tamthilia nyingi za Kiswahili zinazosomwa madarasani, Kenya na Tanzania, hufika huko bila kupita masikioni mwa watu. Mwandishi huandika peke yake, akampa mchapishaji. Mhariri huusoma mswada kimya, jopo la mitaala nalo likausoma kimya, kisha mwanafunzi akaja kuusoma kimya vilevile, kalamu mkononi, akipigia mstari dhamira na tamathali za usemi kwa sababu ndizo zitakazoulizwa kwenye mtihani. Yawezekana safari nzima ikaisha pasipo mtu hata mmoja kusimama na kuyatamka maneno ya mhusika wa kwanza mbele ya watu wasiomjua mwandishi. Riwaya inaweza kuishi hivyo. Mchezo hauwezi.

Msimamo wetu: mchezo mpya usomwe hadharani kabla haujapelekwa kuchapwa, na kabla mwongozaji hajaanza kugawa mavazi. Usomwe kwa sauti na waigizaji walioshika karatasi, mbele ya watu waliokuja kwa hiari yao, kisha watu hao waulizwe wamesikia nini. Hakihitajiki kikubwa: viti, nakala chache za mswada, waigizaji wanaosoma bila kukwama, nauli yao, na maji ya kunywa. Pesa nyingi kuliko hizo humalizwa na keki ya uzinduzi wa kitabu ambacho tayari kimeshachapwa pamoja na makosa yake yote.

Karatasi ina huruma kupita kiasi. Andika, “Ewe mume wangu, nimeshangazwa na mwenendo wako wa siku za karibuni,” nayo itanyamaza. Mpe mwigizaji ayaseme maneno hayo mbele ya kina mama wa Magomeni waliokwisha kugombana na waume zao, uone watakavyocheka pale mwandishi alipotaka walie. Kiswahili kina kwao. Kina Mvita na Unguja mjini, kina Kariakoo na Eastlands, kina Bukavu na Bujumbura, na msikilizaji huyatambua hayo kabla sentensi haijafika nukta. Lakini katika tamthilia zetu mvuvi wa Pate anaweza kusema kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na kondakta wa matatu akamjibu kwa sarufi ya mwalimu wa zamu. Mara nyingine kosa si la mwandishi. Ni la mhariri aliyekisanifisha kila kinywa kilichomo kitabuni, akidhani anakilinda Kiswahili.

Yapo na mengine yasiyoonekana mpaka yasikiwe. Wahusika wawili wenye majina tofauti na sauti moja. Shangazi anayetajwa kwa vitisho katika onyesho la kwanza, halafu asionekane tena hadi pazia. Kaka anayemsimulia mdogo wake jinsi baba yao alivyokufa, ilhali mdogo mwenyewe alikuwepo mazikoni, kwa vile tu mwandishi alitaka sisi tujue. Mzaha unaochelewa. Hotuba ya kurasa mbili ya kiongozi wa wanyonge, ambayo juu ya karatasi inachoma, lakini ikisomwa kwa sauti, kufika nusu yake mwigizaji mwenyewe anaanza kutafuta mahali pa kupumulia. Mambo kama haya mhariri hodari atayaona baadhi. Chumba chenye watu arobaini kitayaona yote kwa jioni moja, na wala si lazima kiseme kitu.

Maana mwili wa hadhira hujibu kabla ya mdomo. Watu wakichoka, viti hulia. Kikohozi kinazaa kikohozi, simu zinatolewa mifukoni, mtu aliyekaa karibu na mlango anakumbuka kwamba ana safari. Mwandishi aliyeketi nyuma ya ukumbi na mswada wake magotini anaweza kutia alama ya penseli kila ukumbi unapolegea, akarudi nyumbani na ramani ya udhaifu wote wa mchezo wake.

Wamarekani wamekijengea kituo kizima kitu hiki. Eugene O'Neill Theater Center, mjini Waterford katika jimbo la Connecticut, ilianzishwa mwaka 1964. Kila kiangazi waandishi hupelekwa pale na michezo ambayo haijaiva, wakapewa waigizaji na mazoezi ya siku chache, kisha mchezo ukasomwa mbele ya watu, skripti mkononi, bila mapambo ya maana jukwaani. August Wilson, mshairi kutoka Pittsburgh ambaye kazi zake zilikuwa zimekataliwa pale mara kadhaa, alikubaliwa mwaka 1982 na mchezo uitwao Ma Rainey's Black Bottom. Mwaka uliofuata akarudi na Fences. Usomaji wake ulichukua zaidi ya saa nne. Hakuna aliyehitaji kuinua mkono kumwambia kwamba mchezo ni mrefu. Wilson alikwenda akakata, akaupanga upya, na mwaka 1987 mchezo huohuo ukampatia tuzo ya Pulitzer. Tunaikumbuka hadithi hii kwa sababu ya hao wanaoamini kwamba mwandishi mwenye kipaji hana haja ya kujaribiwa mbele ya watu. Wilson alikuwa nacho kipaji, na bado alihitaji kusikia.

Atakayesema hii ni desturi ya kigeni, tumpeleke Limuru. Mwisho wa mwaka 1976 kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji cha Kamiriithu kiliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waandike rasimu ya mchezo. Aprili 1977 rasimu ilikuwa tayari, kwa Kikuyu, lugha ya wanakijiji wenyewe. Wawili hao hawakwenda nayo kwa mchapishaji. Waliisoma kijijini, mbele ya wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani. Na kijiji kikaanza kuitengeneza.

Wazee waliwakosoa wasomi hawa juu ya lugha: mzee hazungumzi hivi, methali hii haitumiki hapa, wimbo huu si wa sherehe hii. Wafanyakazi walitaka hesabu ya jasho lao iwe sahihi, wakaeleza wenyewe kinachotoka kiwandani kwa siku na kinachoingia mfukoni kwa mwezi. Waliopitia vita vya msituni miaka ya 1950 hawakukubali historia yao isimuliwe kiholela. Sehemu moja ya mchezo ina majibizano ya kuimba ya arusi, gĩtiiro, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe alieleza baadaye kwamba walitamkiwa neno kwa neno na mama mkulima asiyejua kusoma. Mazoezi yalifanyika wazi, mtu yeyote aliweza kusimama akatazama na akasema neno, na wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, chini ya uongozi wa Kimani Gecau, wengi katika hadhira walikuwa wanaijua mistari yake kwa moyo.

Tutazame vizuri kilichotokea pale, kwa sababu ndipo lilipo jambo ambalo waandaaji wengi wa usomaji hawalioni. Watu wa Kamiriithu hawakuombwa maksi. Hakuna aliyewauliza kama mchezo ni mzuri au mbaya, kama wameupenda au hawakuupenda. Waliombwa kile walichokijua kuliko waandishi: kazi inavyofanyika, arusi inavyoimbwa, mzee anavyomkanya mwanawe, hati ya shamba la ekari moja na nusu inavyotunzwa na maskini. Walitoa ujuzi, na ujuzi hauna mabishano mengi. Mtu akikwambia kwamba muuza samaki wa Feri hasemi hivyo na yeye ni muuza samaki wa Feri, andika haraka. Akikwambia kwamba ingependeza zaidi binti aolewe na daktari mwishoni, mshukuru, umpe maji.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ilikifuta kibali cha maonyesho, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kundi hilohilo lilitayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, likafungiwa milango ya Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi. Likaendelea na mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakafurika kuyatazama, mpaka mazoezi yakawa ndiyo maonyesho. Machi mwaka huo ukumbi wa Kamiriithu ukabomolewa. Tunayataja haya si kwa kuombolezea ya kale. Wenye mamlaka walikuwa wamesikia vizuri sana kilichokuwa kinatokea: watu waliokuwa wakizungumza juu ya mchezo walikuwa wanazungumza juu ya mashamba na mishahara.

Na hofu hiyo haijaisha. Aprili 2025, huko Nakuru, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuagiza warudishwe mashindanoni. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Umma uliokuja kuwatazama ulitawanywa kwa mabomu ya machozi, na wasichana wakatarajiwa kuigiza kwenye ukumbi usio na watu. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Hatujui darasa la sanaa za maonyesho lililofundisha umuhimu wa hadhira vizuri kuliko wasichana wale.

Tamasha hilo la shule, ambalo limekuwepo tangu 1959, linastahili kutazamwa kwa jicho jingine pia, kwa kuwa ndicho chombo pekee kikubwa nchini Kenya ambapo mchezo mpya huonwa, ukakosolewa, ukarekebishwa, kisha ukaonwa tena. Shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, hadi kanda, hadi taifa, na kila ngazi waamuzi hueleza walichokiona. Mchezo unaofika fainali mara nyingi si ule ulioanza. Hilo ni jema kabisa. Ubaya wake ni kwamba anayesikilizwa ni mwamuzi peke yake, na mwamuzi ana karatasi ya alama. Walimu wameshajifunza kinachopendwa: ubunifu wa jukwaa, nyimbo za kupokezana, ujumbe unaotajwa waziwazi mwishoni ili usimpite mtu. Wanarekebisha kufuata alama. Wanafunzi mia nane walioketi sakafuni, waliocheka mahali pasipotarajiwa na kunyamaza ghafla mahali pengine, hakuna anayewauliza kitu. Ingegharimu nini mwandishi akikaa na ishirini miongoni mwao kwa nusu saa, chini ya mti, baada ya onyesho?

Kuuliza nako kuna adabu yake. Wengi wetu tumeshuhudia mjadala unaoharibika. Mswada umesomwa, mwendesha mjadala anasema “tupokee maoni”, na anayenyanyuka wa kwanza ni bwana mwenye mchezo wake mwenyewe kichwani. Dakika kumi anaeleza angeuandika vipi. Wa pili anampongeza mwandishi kwa niaba ya wilaya nzima. Wa tatu anasahihisha ngeli. Mwandishi anaanza kujitetea, sauti inapanda, na yule dada aliyeketi pembeni, ambaye hakuelewa kwa nini mama katika mchezo anarudi kwa mume aliyempiga, anaondoka na swali lake. Na swali lake ndilo lililokuwa dhahabu ya jioni ile.

Mcheza dansi wa Marekani, Liz Lerman, alibuni karibu mwaka 1990 utaratibu ambao umeenea sana katika kumbi za michezo mipya, nasi tunaupenda kwa ukali wake. Kwanza watu huulizwa kilichowagusa, kilichobaki vichwani mwao, kilichowashangaza. Si “nzuri” wala “mbaya”. Ni nini kimebaki. Kisha mwandishi ndiye anayeuliza, na anauliza kitu mahususi: mlijua saa ngapi kwamba Zuhura anadanganya? Baada yake hadhira nayo inauliza, ila swali lisiwe na rai iliyojificha ndani yake. “Kwa nini mwisho umekuwa mbovu hivi?” si swali. “Ulitaka tumwone babu vipi anapoondoka?” ni swali. Rai huja mwisho kabisa, na mwenye rai hutaja kwanza inahusu nini, akaomba ruhusa ya kuitoa. Mwandishi anaweza kukataa. Watu wetu waliolelewa kubisha hodi na kusubiri kukaribishwa wasione jambo geni hapa.

Kuna na njia ya zamani zaidi. George Pierce Baker, aliyefundisha uandishi wa michezo Harvard mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwa na hadhira maalumu ya kutazama kazi za wanafunzi wake, na sharti la kuingia lilikuwa kuandika maoni baadaye na kuyakabidhi. Asiyeandika haalikwi tena. Maandishi yanamfaa mtu mwenye haya, yanamfaa mwanamke asiyetaka kubishana na shemeji yake mbele za watu, na yanamfaa mwandishi anayejua kwamba usiku uleule wa usomaji hawezi kusikia neno la mtu yeyote. Sisi tungeongeza ujumbe wa sauti wa simu, kwa sababu wapo wanaosema vizuri kuliko wanavyoandika.

Lakini hadhira inaweza kukosea, na anayeisifu bila kulisema hilo anadanganya. Januari 1956 mchezo wa Samuel Beckett, Waiting for Godot, ulionyeshwa Miami, ukitangazwa kama kichekesho cha kuvunja mbavu. Watu waliovalia vizuri walianza kutoka kabla haujafika mwisho. Novemba 1957 mchezo huohuo ukapelekwa gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400, nao wakaushika wote, kwa kuwa kungoja asiyekuja ndiyo yalikuwa maisha yao. Kama Beckett angeusahihisha mchezo kwa kufuata ushauri wa Miami, San Quentin isingepata kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hadhira imesema nini, uliza ni hadhira gani.

Hapa wenzetu wa mijini wana la kujibu. Usomaji wa michezo mipya katika miji yetu mikuu mara nyingi hufanyika kwenye vituo vya utamaduni vya nchi za Ulaya, jioni ya siku ya kazi, na wanaokuja ni walewale: waigizaji waliokuja kumtazama mwigizaji mwenzao, wanafunzi wa fasihi, na wageni wanne wanaojifunza Kiswahili. Tunavishukuru vituo hivyo kwa viti na taa. Hata hivyo mchezo juu ya madereva wa bodaboda usiosikiwa na dereva wa bodaboda hata mmoja umesomwa mbele ya Miami. Peleka mswada kwenye ukumbi wa chama cha akiba na mikopo, kwenye uwanja wa soko baada ya kufungwa, kwenye baraza. Mambo hayo si mageni kwetu. Mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na vijana wa kijiji cha Malya, mkoa wa Mwanza. Tatizo la mimba za wasichana wa shule lilichimbwa na wanakijiji wenyewe, michezo ikazaliwa humo, na baada ya kila onyesho watu walijadili walichokiona. Pale hadhira ilikuwa na cha kupoteza. Hadhira ya namna hiyo haitoi pongezi za bure.

Tuguse hatari moja ambayo bado haijatufika. Huko Marekani, waandishi wamelalamika kwa miaka kwamba michezo yao inasomwa, inajadiliwa, inasomwa tena, inapewa washauri, na haichezwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwa jina Outrageous Fortune uliyaandika malalamiko hayo kwa kirefu, na miaka miwili kabla yake mwandishi Richard Nelson alikuwa ameshasema kwamba ukumbi wa kisasa unamwona mwandishi kama mtu anayehitaji kusaidiwa. Usomaji ni rahisi kuliko onyesho, kwa hiyo mfadhili huridhika nao, meneja huridhika nao, na ripoti ya mwaka inajazwa. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba usomaji uwe na tarehe mbele yake: tarehe ya kupanda jukwaani, au tarehe ya kwenda mtamboni. Kusoma mara mbili kunatosha, usomaji wa pili ukiwa baada ya masahihisho. Mchezo uliosomwa mara tano bila kuchezwa umekuwa kipindi cha redio kisicho na redio.

Waandishi wengine wanaogopa wizi. “Nikiusoma hadharani, wiki ijayo utakuwa vichekesho vya YouTube.” Hofu hii ina msingi, maana wizi upo. Lakini mchezo uliosomwa mbele ya mashahidi arobaini, tarehe inajulikana, majina ya waigizaji yameandikwa, una ulinzi kuliko mswada uliolala kwenye kompyuta ya mtu. Mwandishi ausajili kwanza na ofisi ya hakimiliki ya nchi yake, asigawe nakala mlangoni, na simu za kurekodi zizimwe. Zaidi ya hapo hatuoni la kufanya, labda kuandika mchezo ambao mwizi hawezi kuubeba wote.

Waigizaji nao walipwe. Kusoma kwa mkato, bila mazoezi ya wiki nne, ukampa kila mhusika sauti yake, si kazi ya kuombwa kwa jina la urafiki. Na tusisahau anayesoma maelezo ya jukwaani. Mara nyingi kazi hiyo hupewa yeyote aliyebaki, naye husoma kila mabano, kila “anatembea kuelekea kushoto”, mpaka mchezo unakuwa hesabu ya mali za marehemu. Asome yale tu ambayo bila hayo msikilizaji atapotea.

Yaliyobaki ni ya wenye uwezo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya na Taasisi ya Elimu Tanzania zinapopokea tamthilia kwa ajili ya shule, ziulize swali moja ambalo hatujalisikia likiulizwa: imesomwa wapi kwa sauti, na nani waliisikia? Kitabu kikipita, kitakuwa mikononi mwa mamia ya maelfu ya vijana kwa miaka kadhaa. Jioni mbili za kusikiliza kabla ya hapo si nyingi. Kumbi zipo. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, wana jukwaa na wana wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya kusoma. Ngome Kongwe ya Zanzibar ina viti vya mawe chini ya anga. Jumba la Maonyesho la Kampala lipo tangu 1959. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina vyumba vinavyokaa vitupu kila Jumamosi, na zina walimu wanaofundisha tamthilia mwaka mzima bila kumsikia mhusika hata mmoja akiongea.

Wachapishaji wasingoje waraka wa wizara. Mswada wa tamthilia ukishapita mikononi mwa mhariri, usomwe, na gharama ya usomaji iingizwe kwenye bajeti ya kitabu pamoja na ya mchora jalada. Kisha kwenye kurasa za mwanzo, pale panapoandikwa mwaka wa toleo na jina la mpiga chapa, paongezwe mistari miwili: mchezo ulisomwa mara ya kwanza wapi na lini, na waliousoma ni kina nani. Mchapishaji asiye na cha kuandika hapo aandike “haujasomwa”, ili mwalimu anayeagiza nakala mia mbili ajue anachonunua.